Roketi Nyekundu Iliyogoma Kuzaa

Mume wangu hajawahi kutengeneza droo ikakwama. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimeolewa na mzembe. Ingia kwenye karakana yake, hapa ubavuni mwa nyumba yetu, umwambie una wasiwasi na kabati lake, hatabishana nawe. Atajaza chai kwenye kikombe mpaka mdomoni, atakiweka ndani ya droo, halafu ataivuta kwa kidole kimoja, kile cha mwisho. Chai haimwagiki. Kisha atainywa mbele ya macho yako, na bei itapanda. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi mkewe, hata marehemu mama yake alimwita hivyo hivyo.

Sasa mtu kama huyo, nielezeni jamani, ilikuwaje kila roketi aliyorusha ikakwama mota?

Ndiyo, roketi. Na mimi nilishangaa hivyo hivyo. Si zile za kwenda mwezini. Ni bomba la karatasi ngumu, urefu wake mkono wa mtu mzima, mbele lina pua ya mti, nyuma lina mabawa matatu. Mkiani unachomeka mota, kitu chenye umbo la betri ya tochi, ganda la karatasi lililoshindiliwa baruti na kuzibwa kwa udongo. Unakaa mbali, unabonyeza swichi, inalia fwaaa, inapotelea juu, kisha kimwavuli kinafunguka na yenyewe inashuka kwa maringo. Mota ikishaungua imekufa. Unatoa ganda, unachomeka nyingine, unarusha tena. Lakini ganda likikwama mle ndani, na roketi imekwisha. Ni ya kutundika ukutani tu.

Aliyetuletea balaa hili nyumbani ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Yeye ni fundi wa majokofu. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Alikulia chini ya benchi la babake, akila vumbi la mbao, akatoka na mikono isiyojua kutulia. Yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kurusha roketi, wanakutana Jumamosi kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali: mwalimu wa hesabu, mchomeleaji wa mtaa wa pili, muuza simu, na yeyote ambaye mkewe amechoka kumwona nyumbani. Huko chamani binti yangu hana jina. Anaitwa Mkunga.

Ni Mkunga kwa sababu hakuna mota iliyokwama ikamshinda. Ganda huvimba kwa joto, au mwenyewe amelizungushia utepe mwingi lisichomoke hewani, basi likishaungua halitoki ng'o. Wengine hukimbilia nyundo. Yeye hapana. Kwanza anaiacha ipoe, maana anasema huingizi mkono kwenye kitu usichojua kama kimemaliza hasira zake. Kisha anailaza mapajani, anaipapasa tumbo, anaiambia, "Tulia mama, tulia, tunakwenda pamoja." Anapitisha ufito kwa mbele, anasukuma polepole, huku nyuma koleo linazungusha ganda, kidogo kwenda, kidogo kurudi. Ikikataa, inaingia friza isinyae. Ikizidi kukataa, anazamisha skrubu ndefu kwenye tundu la mkiani na kuvuta. Ikitoka, wanaume wazima wanapiga makofi. Mimi nimezaa mwenyewe, kwa uchungu wa kweli, na sikupigiwa makofi na mtu.

Babake alijiunga na chama mwaka ule ule binti alipohama kwenda kupanga upande wa pili wa mji. Sikulitia maanani. Roketi zake zilikuwa nzuri kuliko za wote, pua amezipiga msasa mpaka inzi akitua anateleza. Zinapaa wima. Zikishuka, mota imekwama. Kila Jumamosi! Chama kizima kikawa kinamcheka: bingwa wa droo ashindwe na bomba la karatasi. Naye anacheka nao, anakuna kichwa, anasema, "Mganga hajigangi, ndugu zangu."

Basi Jumapili binti anakuja na mkoba wake wa vifaa, wanajichimbia karakanani. Mimi niko chumba cha pili na cherehani yangu, nawasikia wanavyogombana.

"Baba, utepe umezungusha mara ngapi?"

"Kidogo tu."

"Hii ndiyo kidogo?"

"Upepo wa juu huujui wewe."

Hapo chai inaingia, hapo karanga, hapo wanaanza upya, mpaka jua linaondoka kwenye kitambaa ninachoshona na nalazimika kuwasha taa.

Kisha binti akapata kazi. Hospitali kubwa, mji wa mbali, asimamie vyumba vya baridi wanakoweka chanjo. Kazi aliyoisomea, aliyoililia, aliyoiombea. Aripoti Jumatatu asubuhi, na mkuu wake alimwambia kwa simu, bila kuzunguka, kwamba kuna mtu wa pili kwenye foleni na huyo ameshavaa viatu. Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Babake alisema, "Hongera sana, mwanangu," akaenda kupiga randa ubao ambao ulikwisha kupigwa randa. Aliupiga mpaka ukawa rula.

Jumamosi chama kikafanya urushaji wa kumuaga. Fundi alikuja na roketi mpya nyekundu, nzuri sijapata kuona. Ikapaa, ikageuka nukta, ikarudi ikalala kwenye rundo la mchanga bila mkwaruzo. Wakajaribu kuchomoa mota. Imekwama. Watu walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akakaa chini.

Hapo ndipo binti yangu alipofungua mdomo. "Nisikilizeni wote! Mkunga hamwachi mzazi njiani. Sitoki mji huu mpaka mota ya Baba imetoka. Mmekuwa mashahidi."

"Ahadi ni deni," babake akadakia, hata pumzi mtoto hajaivuta, akatabasamu mpaka nikaona gego.

Lazima niwaeleze kuhusu ukoo huu. Kwao Fundi, neno lililosemwa mbele za watu halimezwi. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kukasirika mbele ya mgeni akasema hatakikalia tena kiti chake. Nyumba ilikuwa na kiti hicho kimoja. Mzee yule alikula chakula amesimama mpaka alipoingia kaburini, na hata siku ya mwisho alibembelezwa akae kidogo, akasema, "Mgeni akisikia?" Mgeni mwenyewe alikuwa amekufa kabla yake. Ndiyo damu aliyorithi binti yangu, na ndiyo maana aliposema lile neno uwanjani mimi nilitamani kumziba mdomo.

Lakini nilijituliza. Anaziweza hizi, ni kazi ya mchana mmoja. Basi linaondoka Jumapili saa kumi jioni, linafika alfajiri. Muda upo tele. Fundi akaibeba roketi yake nyumbani, akasema anakwenda kuifuta vumbi.

Jumapili asubuhi Mkunga akafika, mkoba wa vifaa mkono huu, sanduku la safari mkono ule. Akailaza roketi mapajani. "Tulia mama." Akapitisha ufito, akasukuma. Kimya. Akazungusha koleo. Kimya. Akakunja uso, maana mota huwa inatoa hata mlio wa kulalamika.

"Friza," akasema.

Friza ni yangu, nauza barafu. Samaki wangu wakatolewa wakapangwa mezani wakawa wanatutazama, roketi ikalazwa mahali pao. Mteja akaja na ndoo yake, akafunua kifuniko, akakifunika, akaondoka bila kununua wala kuuliza. Roketi ikatoka imeota barafu. Haikuachia. Skrubu ikaingia, ikatoka na udongo ulioungua na si kingine. Mafuta ya cherehani yangu yakamiminwa, chupa nzima. Haikuachia.

Kufikia hapo wifi yangu alikuwa amewasili, dada mkubwa wa Fundi, amekuja kumuaga mwanawe. Alipoelezwa, hakushangaa hata kidogo. Alivua kanga ya mabegani, akakaa upande wa pua, akaishika kama mkono wa mgonjwa. "Sukuma, mwanangu," akaiambia roketi. "Pumua, sukuma. Mche Mungu, sukuma."

"Shangazi, haisikii," binti akasema.

"Na wewe ulikuwa husikii, ukazaliwa."

Mchomeleaji naye akapita, akasimama mlangoni na miwani yake ya kazi kichwani. "Fundi, nipe dakika moja na moto."

"Moto kwenye kitu cha baruti?" binti akamfokea. "Toka hapo kabla sijakutoa!" Hakutoka. Akapewa kazi ya kuvuta.

Wakalibana ganda, pale lilipochungulia mkiani, kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania cha benchini, wakashika bomba kwa mpango: binti mbele, mchomeleaji kamshika mkanda wa kiunoni, wifi kamshika mchomeleaji. Fundi alikuwa pembeni, hashiki kitu, kazi yake methali. "Haraka haraka haina baraka. Mtaichana, jamani. Mvumilivu hula mbivu. Kwa nini tusinywe chai kwanza?" Wakavuta. Kikasikika kishindo, wifi akaanguka chali kwenye maranda, mkono juu, anapiga kelele, "Imetoka! Wa kike!" Alikuwa ameshika bawa. Mpaka leo hatujui lilifikaje mkononi mwake.

Saa ikawa inakwenda. Nikamwambia binti, "Mwanangu, liache. Panda basi."

"Mama, nimesema mbele ya watu."

"Amesema mbele ya watu," wifi akaitikia toka sakafuni.

Nikakiona kile kiti. Nilikiona kabisa, wallahi, kimekaa katikati ya karakana.

Binti akatoka nje na simu. Tukamsikia sote. "Halo, mkuu? Samahani, huenda nikachelewa kuripoti... Mota imekwama... Hapana, si ya gari... Ya roketi... Hapana mkuu, sijanywa." Akarudi macho mekundu. Mkuu amesema Jumatatu saa mbili asubuhi, ikipita anampigia yule mwenye viatu. Akakaa kwenye sanduku lake, akafuta pua kwa mkono wenye mafuta, akasema kwa sauti ndogo sana, "Naitaka hii kazi, Mama." Fundi akageuka akaanza kupanga misumari iliyokuwa imepangwa.

Mimi nikanyakua ile roketi. Nilitaka kuitupa, nasema kweli, nilitaka kuirusha juu ya paa ibaki huko na laana yake. Nikaenda nayo jikoni. Lakini ilikuwa inachuruzika mafuta, nikaanza kuifuta, na kidole changu kikasita.

Mimi ni fundi cherehani. Pini iliyosahaulika ndani ya pindo naijua kwa kidole kabla haijamchoma mteja. Hapa karibu na mkia, baina ya mabawa, chini ya rangi nyekundu, palikuwa na kivimbe kidogo cha duara, hakizidi punje ya mtama. Nikageuza. Na upande wa pili kipo. Nikasugua kwa gumba, gumba likawa jekundu. Rangi mbichi.

Kitanda chetu cha ndoa hakina msumari hata mmoja. Kimeshikwa na vigingi vyembamba vya mti, vimepita toka huku mpaka kule, na juu vimefunikwa vanishi nisivione. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa navitafuta kwa kidole, kimoja kimoja, hadi nikavimaliza. Kazi ya mkono ule naijua gizani.

"Fundi!" nikaita. "Njoo jikoni."

Akaja. Nikamwonyesha gumba.

"Hii ni nini?"

"Rangi."

"Na chini ya rangi?"

Akawatazama samaki mezani. Samaki hawakumsaidia.

"Kigingi," akasema.

"Mume wangu. Umempigilia mtoto kigingi?"

"Nimepigilia mota."

"Lini?"

"Jana. Baada ya yeye kusema vile. Ilikuwa na gundi tu, kama zile nyingine."

"Zile nyingine?" Nikakaa chini. "Zile nyingine zote?"

"Gundi ya mbao. Kidogo."

Jamani, hasira niliyoipata ningeweza kumpika yeye tukawaacha samaki. Miaka yote ile! Watu wanamcheka, yeye anacheka nao, kumbe gundi! Nikamuuliza kwa nini, nikamuuliza kwa sauti ya chini maana ya juu ilikuwa imeniishia.

"Akija hivi hivi," akasema, "anakaa kidogo, anaangalia simu, anasema Baba nawahi. Akija na koleo anakaa mpaka unawasha taa." Akafuta uso kwa mkono wenye vumbi, ukabaki mstari. "Mtu mzima haji kwao bure. Lazima kuwe na kazi. Mimi kutengeneza kazi ndiko ninakojua."

Hasira ikanitoka yote, na nilikuwa bado naihitaji. Nikamwambia, "Toa."

"Nikitoa anaenda."

"Usipotoa atabaki, na kila akikutazama ataona ile kazi aliyoikosa. Hicho ndicho unachokitaka? Mtoto ale amesimama?"

Akaichukua roketi, tukarudi karakanani, na mimi nikadhani atasingizia kitu, atajifanya kabahatisha. Hakufanya hivyo. Alikaa kwenye benchi mbele ya binti yake, akachukua msumari mwembamba uliokatwa ncha, akauweka juu ya ile rangi mbichi, akagonga mara moja na nyundo ndogo. Kigingi kikatokea upande wa pili, kikaanguka sakafuni, tik. Gundi ilishasalimu amri toka wakati wa friza na mafuta. Akaweka kidole cha mwisho kwenye mkia wa roketi, akavuta. Ganda likateleza likatoka kama droo.

Hakuna aliyepiga makofi. Wifi alikuwa bado na bawa mkononi. Mchomeleaji akashusha miwani yake ya kazi machoni, sijui ili asione au asionekane.

Binti akainama, akaokota kigingi, akakizungusha baina ya vidole.

"Kigingi ni kipya," akasema. "Kigingi sikukitegemea, Baba. Mimi nilitegemea gundi."

Fundi akainua kichwa. "Ulijua?"

"Gundi ya mbao inanuka, Baba. Nimekulia ndani ya harufu yake. Nilijua toka roketi ya pili."

"Sasa kama ulijua, mbona ulikuwa unakuja?"

Binti yangu akamtazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "Si kuna mota imekwama," akasema.

Fundi alilia hapo hapo, mbele ya watu, kwa sauti, na dada yake akamsaidia. Basi tuliliwahi kwa kukimbia, sanduku mabegani mwa mchomeleaji, samaki wameachiwa paka. Binti aliondoka na kile kigingi mfukoni. Babake alibaki na ganda, ananusa, anasema ni baruti hiyo inayomchoma macho.

Jumamosi iliyofuata hakwenda uwanjani. Wala ile ya baada yake. Roketi nyekundu aliirudishia bawa akaitundika. Nilimkuta siku moja anapima chai kwenye droo bila mteja yeyote kuwepo, nikaogopa. Fundi ni mtu asiyesafiri; toka nimjue hajalala nje ya kitanda alichokitengeneza, anasema vitanda vya watu vina misumari. Kumwambia aende kumtembelea mtoto ilikuwa kupigia mbuzi gitaa.

Kisha simu ikalia, ni binti. Nikaiweka sauti ya wazi tusikie wote.

"Baba, nimeanzisha chama huku. Nimerusha yangu. Mota imekwama."

Fundi akasogea. "Umepitisha ufito?"

"Haisogei."

"Friza umejaribu?"

"Baba, mimi nasimamia vyumba vya baridi vya hospitali nzima. Nimejaribu."

"Skrubu?"

"Imetoka na udongo."

Nikaona shingo yake inanyooka. "Usiiguse tena," akasema. "Na asiiguse mtu. Nakuja."

Akaenda karakanani nikasikia anatupa vifaa ndani ya mkoba, anaimba, mtu asiyejua kuimba. Nikaitoa simu kwenye sauti ya wazi, nikaiweka sikioni.

"Wewe mtoto," nikamnong'oneza. "Gundi gani?"

"Ya mbao, Mama," akasema. "Nimemimina nusu kopo, ili akae wiki nzima."